Kabla ya kupandisha mashine juu ya paa, ulizeni maji yake yanaingia wapi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye nyumba wa Mtwara na Lindi, pamoja na vijana wanaofanya au wanaotaka kuanza kazi ya kusafisha mapaa. Mvua zikikatika, kuanzia Mei, ndipo mapaa yanapoonekana yalivyochafuka: ukoga wa kijani upande wa kivulini, michirizi myeusi chini ya miti, gata zimejaa matope na majani. Ndipo pia wanapoanza kupita watu na mashine za presha za kuoshea magari, wakiahidi kulirudisha paa rangi yake kwa nusu siku. Kazi yenyewe ni halali na soko lipo. Kinachotuuma ni kwamba paa linaoshwa bila mtu kuuliza limeezekwa kwa kitu gani na maji yake yanaingia wapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua dawa, brashi, mwezi wa kufanya kazi na hata bei.

Kwanza tukubaliane kwamba si kila weusi juu ya paa ni ukoga. Kuna kipimo cha bure. Chukua jiki kidogo, dondoshea matone machache kwenye kona isiyoonekana, subiri dakika tano, kisha suuza. Weusi ukififia, hicho ni kitu hai, na dawa itakifaa. Usipobadilika, ni vumbi, kutu au rangi iliyochakaa, na hakuna dawa ya ukoga itakayosaidia. Fundi anayetaja bei bila kufanya kipimo hiki anakisia. Tena mwenye nyumba aambiwe ukweli: michirizi myeusi mitupu haivujishi paa. Inachukiza macho, basi. Kinachoharibu ni ile mimea mifupi laini inayoota minene kwenye maungio ya vigae. Hiyo hushika maji siku nzima, huinua kigae kidogo kidogo mpaka mvua ya upepo ipenye chini yake, na ikibanduka huenda kuziba gata.

Upande wa kusini wa paa ndio mara nyingi unaoanza kuota. Katikati ya mwaka jua linapita kaskazini yetu, hivyo mteremko unaotazama kusini hupata jua la kulala, na upepo wa kusi nao unaleta unyevu wa baharini. Ila kivuli cha mwembe au mkorosho hushinda hesabu hiyo yote. Paa lililoinamiwa na matawi litaota upande wowote, na usipokata matawi yakae mbali kama mita mbili na paa, mwakani utaitwa kuosha palepale.

Sasa bati, maana ndilo lililofunika nyumba nyingi za huku. Bati lenye zinki haliotwi na ukoga kirahisi, kwa sababu zinki inayotoka kidogo kidogo kila mvua inaponyesha huzuia mimea hiyo isiote. Weusi mwingi juu ya bati lililo chini ya mwembe unatokana na wadudu wadogo wanaofyonza majani. Wadudu hao hudondosha majimaji matamu, na juu yake huota ukungu mweusi wa masizi. Huo unatoka kwa maji na sabuni tu. Sabuni ya maji ya kawaida, mililita 50 hadi 100 kwa ndoo ya lita 10, brashi ya nyuzi laini yenye mpini mrefu, sugua kutoka juu kwenda chini, kisha suuza sana. Kwenye bati za migongo mipana au za msauzi, uchafu hukaa kwenye mabonde na pale bati moja linapopanda juu ya jingine. Hapo ndipo pa kutumia muda, kwa sababu majani yaliyooza na kushika unyevu kwenye maungio ndiyo yanayoanzisha kutu.

Klorini, ile iliyomo kwenye jiki, juu ya bati tunaikataa. Inakula zinki, na kinachobaki baada ya kukauka ni chumvi. Pwani yetu bati tayari linapigana na chumvi ya bahari, hasa chini ya upenu ambako mvua haifiki kusuuza, na hapana haja ya kuliongezea nyingine kwa ndoo. Kwa sababu hiyohiyo msikubali dawa za kienyeji za chumvi na siki. Brashi ya waya na chuma cha kusugulia sufuria navyo vina madhara ya aina mbili: vinakwangua zinki, na vinaacha vipande vidogo vya chuma ambavyo vitaota kutu ndani ya siku chache na kulitia bati madoa ya hudhurungi kila mahali.

Linalotutisha zaidi ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Tunajua unaua ukoga, na wakulima wanaujua kwa kazi nyingine. Lakini shaba iliyomo kwenye mrututu ikikutana na zinki au chuma palipo na maji, shaba hujibandika juu ya bati, na bati ndilo linaloliwa. Matundu huanza kama vidoa vya kalamu. Hata ukipulizia vigae na si bati, kama gata ni za bati yatakayotiririka yatazitoboa gata. Nyaya za shaba zinazofungwa kwenye kofia ya paa kuzuia ukoga zina kasoro hiyohiyo. Anayetaka kinga ya kudumu kwenye paa la vigae afunge ukanda wa zinki chini ya kofia, urefu wote wa paa. Dalili kwamba unafanya kazi unaweza kuiona mwenyewe kwenye nyumba yoyote ya vigae yenye bomba la bati lililotokeza juu: chini ya bomba hilo kuna mchirizi msafi, na pembeni kumechafuka.

Vigae vya saruji na vya udongo ndivyo vyenye ukoga wa kweli, na huko klorini inafaa, ila kwa vipimo. Jiki za dukani nyingi ni kati ya asilimia 3 na 5 na kiasi. Soma lebo, usikadirie. Kwa ukoga mwembamba asilimia 1 inatosha. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5 na unataka lita 20 za asilimia 1, weka lita 5.7 za jiki na lita 14.3 za maji. Ukiwa na klorini ya unga ya asilimia 65, ile ya kutibu maji, gramu 310 kwa lita 20 zinakupa nguvu hiyohiyo. Kwa mimea iliyoota minene, zidisha jiki au unga mara mbili na punguza maji ili jumla ibaki lita 20. Kuzidisha zaidi ya hapo ni kupoteza fedha na kuunguza bustani ya mtu. Unga unatiwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya unga, na unga huo usiguse mafuta, petroli wala matambara machafu, kwa maana huweza kuwaka moto. Acha mchanganyiko utulie, chuja kwa kitambaa, la sivyo chokaa yake itaziba ncha ya bomba la kupulizia. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia: gesi inayotoka inaunguza mapafu, na watu hufa kwayo vyumbani. Na jiki iliyokaa juani kwenye madumu mwezi mzima si ile uliyoinunua. Joto linaila nguvu, na hapo ndipo fundi anaposema dawa ni feki.

Kabla ya dawa, ondoa kwanza kile kinene kikiwa kikavu. Tumia kibao au kipande cha plastiki ngumu, anzia kwenye kofia kushuka, na usiwahi kusugua kwenda juu, kwa sababu unausukuma uchafu chini ya kigae cha juu. Unachokwangua kiingie kwenye kiroba, kisidondoke kwenye gata. Kisha lowesha kwa maji matupu mimea yote iliyo chini ya upenu: majani yaliyokwisha kushiba maji hayanyonyi dawa kirahisi. Ondoa nguo kambani, na kama ni msimu wa korosho na zimeanikwa uani, zihamishwe. Puliza ukianzia upande ulio mbali na ngazi na kurudi ngazi ilipo, mguu ukiwa daima mahali pakavu, kwa sababu kigae chenye ukoga uliolowa dawa huteleza vibaya mno. Mita moja ya mraba inahitaji kama theluthi moja ya lita. Iache dakika 15 hadi 20, isikaukie. Asubuhi saa 2 hadi saa 5 ndio muda mzuri, umande umekwisha kukauka, jua halijawa kali, na kusi bado haujaamka sawasawa wa kukupeperushia dawa kwa jirani. Halafu suuza kwa mpira wa kawaida bila presha, na mimea ya chini imwagiwe maji tena. Palipokuwa na zulia nene la mimea patabaki mabaki ya hudhurungi. Yamekufa. Rudi baada ya wiki mbili tatu na brashi laini, yatatoka yenyewe, na hii safari ya pili iwemo kwenye bei tangu mwanzo.

Kwa nini tunaipinga mashine ya presha kwenye vigae? Kigae cha saruji kina ngozi ya juu laini yenye rangi. Maji ya presha yanaivua ngozi hiyo na kuacha mchanga wazi, na juu ya mchanga ulio wazi ukoga unashika upesi kuliko mwanzo. Paa linapendeza kwa msimu mmoja, kisha linarudi baya kuliko lilivyokuwa. Maji hayo pia yanaingia chini ya vigae, yanalowesha papi, zile mbao zinazobeba vigae au bati, na kushuka kwenye dari. Kwenye bati za vigae zenye punje za mawe ndiyo hasara kabisa: punje zimebandikwa kwa gundi, na presha inazibandua. Ukiona gata imejaa changarawe ndogo baada ya kazi, huo si uchafu uliotoka. Ni paa lako.

Kuna aina moja ya paa ambayo hatuigusi kabisa, na tunaomba kijana yeyote asishawishiwe kwa pesa: mabati ya saruji yenye asbesto yaliyoko kwenye baadhi ya majengo ya zamani. Ni mazito, ya kijivu, yana mawimbi makubwa, na kingo zake zilizovunjika zinaonyesha nyuzinyuzi. Kuyasugua au kuyapiga presha kunarusha nyuzi hizo hewani, na Shirika la Afya Duniani limeshasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Tena yakizeeka hukatika ghafla chini ya mguu. Hapo jibu ni kutafuta wataalamu wa kuyaondoa.

Turudi kwenye maji, kwa sababu ndiko mkoa wetu unakotofautiana na ushauri unaotoka nje. Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, kwa watu wengi paa ndicho chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 20 kwa usiku mmoja linakusanya lita 2,000 ukiacha upotevu. Maji hayo yananywewa na watoto hadi mvua za mwakani. Kwa hiyo bomba linaloshuka kwenye tangi au kisima lichomolewe kabla ya tone la kwanza la dawa, mdomo wa tangi ufungwe kwa nailoni na kamba, na maji ya kuoshea yaelekezwe ardhini mbali na kisima. Bomba lisirudishwe siku ileile. Sisi tunashauri kazi ifanyike Mei au Juni mvua zikiwa zimekwisha, bomba libaki limechomolewa kiangazi chote, na mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba iachwe ipite. Anayeosha mwezi Oktoba ili paa liwe safi kwa mvua anamlazimisha mwenye nyumba kuchagua kati ya kumwaga maji ya kwanza na kuyanywa na dawa.

Kifaa cha kumwagia maji ya kwanza nacho hufungwa vibaya mara nyingi. Milimita ya kwanza juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 100. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa kila mita, hivyo kile kipande cha mita 3 kinachoning'inizwa ukutani kina lita 24 tu, robo ya kinachotakiwa. Weka pipa la lita 200 lenye koki chini, lifunguliwe na kumwagwa kila baada ya mvua.

Kwenye mapaa ya kuvunia maji ya kunywa hatutumii dawa za kundi la benzalkonia, zile zinazopuliziwa na kuachwa bila kusuuzwa. Ni nzuri kwa vigae vya nyumba yenye maji ya bomba, lakini zinashikilia juu ya paa kwa muda mrefu, na ni sumu kwa samaki, kwa hiyo hata nyumba ambayo mtaro wake unaingia moja kwa moja baharini au kwenye mikoko tunaitibu kwa njia nyingine. Na mahali ambapo maji yananunuliwa kwa ndoo, kusuuza paa zima kwa lita mbili au tatu kila mita ni mzigo usiobebeka. Huko bora brashi kavu, subira, na mvua ya kwanza ifanye usuuzaji bomba likiwa limechomolewa.

Hapa kuna onyo ambalo halimo kwenye vitabu vya watu wa nje: bomba la mgongoni lililopuliziwa dawa ya mikorosho lisipande juu ya paa, hata likisuuzwa mara ngapi. Mpira na plastiki vinanyonya viuatilifu na kuvitoa baadaye. Nunua bomba jipya la lita 16, liandike kwa rangi PAA TU, na kila jioni pitisha maji safi mpaka mwisho, maana klorini inakula mipira ya pampu na ncha za shaba.

Kuhusu usalama hatutarefusha, lakini hatuwezi kuupita. Ngazi ikiegemea upenu wa mita 3, mguu wake ukae sentimita 75 kutoka ukutani, na kichwa chake kizidi upenu kwa mita moja, kimefungwa. Juu ya bati kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi. Bati jembamba la geji 30 katikati ya papi linabonyea na kufungua matundu ya misumari. Kwenye vigae kanyaga theluthi ya chini, pale kimoja kinapolalia kingine. Kamba ya mkanda wa usalama ifungwe kwenye kitu imara upande wa pili wa nyumba, siyo kwenye papi na siyo kwenye gari. Waya wa umeme unaoingia nyumbani mara nyingi unapita juu ya upenu uleule unaouosha: ukiwa umechubuka, kazi isimame mpaka TANESCO waje. Miwani, glavu za mpira, viatu vyenye soli laini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haiwahusu watu wa viwandani peke yao. Ukimpandisha mtu juu ya paa kwa ujira, usalama wake uko mikononi mwako.

Bei iwe kwa mita za mraba za paa, siyo za nyumba. Nyumba ya mita 10 kwa 12 yenye upenu wa sentimita 60 pande zote inakuwa 11.2 kwa 13.2, karibu mita 148. Kama paa linapanda sentimita 58 kwa kila mita moja ya usawa, zidisha kwa 1.15: unapata mita 170. Kwa mchanganyiko wa theluthi ya lita kila mita, hiyo ni ndoo tatu za lita 20. Kwa hesabu hii fundi anajua gharama yake kabla ya kutoka nyumbani, na mwenye nyumba anaweza kuihakiki kwa futikamba.

Kwa vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa kazi hii, tunawasihi: msiitie fedha ya kwanza kwenye mashine kubwa ya presha. Ngazi mbili nzuri, mikanda miwili na kamba, mabomba mawili ya mgongoni, brashi za mpini mrefu na mapipa vinagharimu chini ya hapo, na ndivyo vinavyofanya kazi. Maofisa wanaopitia maombi hayo nao waulize vijana wataosha mapaa ya aina gani.

Wenye nyumba, kabla ya kumlipa mtu pandeni ngazi muangalie gata: ziwe tupu, ziteremke milimita 3 hadi 5 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba, na pasiwe na changarawe wala vipande vya vigae ndani yake. Ingieni darini na tochi mtafute unyevu mpya. Kisha shikeni wenyewe lile bomba la tangi, mhakikishe bado limechomolewa.

Mafundi wa kusafisha mapaa,
Mtwara Mikindani